Meno kufa ganzi: kosa si la maji baridi

Kaskazi ikivuma na jua la Mombasa likianza kuchoma, majagi ya maji ya ukwaju na chupa za barafu huonekana kila kona, kuanzia Marikiti hadi kwenye foleni ya feri ya Likoni. Malalamiko ya meno nayo huanza kusikika. Mtu anapiga funda moja, anafumba macho, anashika shavu. Aliye kando yake ana jibu tayari: jino limeingia mdudu, ling'oe. Wa pili anasema ni upungufu wa kalsiamu. Wa tatu ametumiwa ujumbe wa WhatsApp unaomwambia asugue kwa ndimu na bikaboneti, au anunue unga wa mkaa unaouzwa mtandaoni ndani ya kikopo kizuri cheusi. Wote wana nia njema, ila ushauri wao mwingi utamwongezea mwenzao maumivu.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Meno kufa ganzi ni uchungu mkali wa ghafla unaotokea jino linapoguswa na baridi, moto, kitu kitamu, kitu kichachu, upepo au nywele za mswaki, kisha ukakoma mara kile kilicholigusa kinapoondoka. Sehemu hiyo ya mwisho ishike sana. Kitu kikiondoka na uchungu ukabaki, hayo ni maradhi mengine, na tutayafikia.

Lipu, jiwe na chumba

Nyumba za Mji wa Kale, na hata Fort Jesus iliyoanza kujengwa mwaka 1593, zimejengwa kwa jiwe la matumbawe. Lisogelee jiwe hilo mahali lilipo wazi utaona limejaa vitundu. Mafundi wa zamani walilijua hilo, ndiyo maana kuta za nyumba walizipiga lipu ya chokaa. Lipu ikiwa nzima, chumba cha ndani hukaa kikavu. Ikibanduka, unyevu wa masika hujipenyeza kitundu kwa kitundu hadi ndani.

Jino limejengwa kwa mpango huo huo. Lipu yake ni enameli, ile sehemu nyeupe inayong'aa. Hakuna kitu kigumu kuishinda mwilini, hata mfupa haufikii, kwa kuwa asilimia 96 hivi ya uzito wake ni madini matupu. Haina neva, kwa hiyo unaweza kuigonga kwa ukucha usihisi lolote. Chini ya enameli ipo dentini, yenye rangi ya manjano, na hii ndiyo jiwe la matumbawe lenyewe: ina mirija midogo mno isiyoonekana kwa macho, maelfu kwa maelfu katika kila milimita moja ya mraba, inayoelekea ndani. Katikati kabisa pana chumba, moyo wa jino, penye mishipa ya damu na neva.

Mzizi wa jino haukupigwa lipu ya enameli. Una tabaka jembamba tu ambalo halistahimili kusuguliwa, kwa sababu haukukusudiwa kukaa wazi. Ufizi ndio unaoufunika. Ufizi ukirudi nyuma, dentini hubaki uchi.

Mirija hiyo haiko mitupu. Imejaa majimaji. Baridi huyafanya yasogee kuelekea nje, moto huyasukuma kuelekea ndani, sukari huyavuta, upepo huyakausha. Yakisogea, neva zilizo upande wa ndani hushtuka, nawe unaruka kwenye kiti. Alfred Gysi aliligusia wazo hili mwaka 1900, na katika miaka ya 1960 Martin Brännström wa Sweden akalifanyia majaribio hadi likawa ndilo maelezo yanayokubaliwa zaidi na madaktari wa meno. Ndilo linaloeleza pia kwa nini watu wengi hulalamikia baridi kuliko moto: majimaji yanapotoka nje huzishtua neva zaidi kuliko yanapoingia ndani.

Mwaka 1987 watafiti huko Uingereza walilinganisha kwa hadubini meno yenye ganzi na yasiyo na ganzi. Yale yenye ganzi yalikuwa na mirija iliyo wazi takriban mara nane zaidi, tena mipana karibu mara mbili. Hapo ndipo penye siri yote. Maji baridi hayakulifanya jino lolote. Yalileta habari tu kwamba kuna mahali lipu imebanduka. Na mjumbe hauawi. Mtu anayeacha maji baridi na kuanza kunywa ya vuguvugu amejiondolea usumbufu, lakini kule shingoni mwa jino kinachokula kinaendelea kula.

Ni nani aliyebandua lipu?

Mara nyingi ni wawili wanaoshirikiana: uchachu na kusugua.

Uchachu hupimwa kwa kipimo cha pH. Saba ni katikati, na kila namba unayoshuka, uchachu huongezeka mara kumi. Enameli huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, dentini haifiki hata huko, huanza mapema zaidi. Maji ya ndimu yako kati ya 2 na 3, na soda nyeusi za kola zimo humo humo. Sasa piga hesabu ya siku ya kawaida ya Mombasa: chai ya limau asubuhi, embe bichi la chumvi na pilipili, viazi karai vilivyozamishwa kwenye ukwaju, mihogo iliyokamuliwa ndimu pale ufukweni Mama Ngina jua likizama, achari kando ya pilau, soda ya kushushia.

Simwambii mtu aache. Kumkataza Mswahili ndimu ni kupoteza wino. Jambo la kuangalia ni muda, maana mate yana kazi yao: huosha uchachu, huupooza, kisha hurudisha madini kidogo kidogo juu ya enameli iliyolainika. Yanahitaji nafasi ya kufanya kazi hiyo. Glasi ya ukwaju iliyonywewa na chakula ikaisha, mate huimudu. Chupa hiyo hiyo ikibebwa kazini na kunyonywa funda moja moja tangu asubuhi hadi alasiri, mate hayapati pumzi. Kwa sababu hiyo mimi huwa na wasiwasi na mabuyu kuliko juisi. Tazama mtoto, au hata mtu mzima, anavyoyala: kokwa moja haitafunwi, huhamishwa shavu hili hadi lile, ikang'ang'aniwa mpaka ule unga mwekundu uishe wote, kisha inafuata nyingine kutoka mfuko ule ule. Buyu ni chachu kwa asili yake na limepakwa sukari juu, na hapo linakaa limegusana na meno kwa saa nzima.

Ramadhani nayo ina mtego wake. Mdomo uliokaa mkavu mchana kutwa una mate machache, halafu jambo la kwanza magharibi ni juisi ya ndimu yenye barafu, na baada ya futari mtu anapiga mswaki kwa nguvu akiwahi tarawehe. Maji matupu kwanza, juisi pamoja na chakula, kisha kusukutua kwa maji: mpangilio huo tu hupunguza madhara mengi.

Mshirika wa pili ni mkono wetu wenyewe. Enameli ikishalainishwa na uchachu, ukiisugua papo hapo unaikwangua. Ngoja kama nusu saa. Na hata pasipo uchachu, wako watu wanaopiga mswaki kama wanaosugua sufuria iliyoungua. Kwao povu na kelele ndiyo dalili ya usafi.

Kama unashuku umo kundini, chukua kioo cha mkononi usimame dirishani penye mwanga. Vuta mdomo wa juu kwa kidole, utazame chonge na meno mawili yanayolifuata, pale ufizi unapokutana na jino. Ukiona ukanda wa manjano kati ya ufizi na sehemu nyeupe, huo ni mzizi uliovuliwa nguo. Sasa pitisha ukucha taratibu kutoka kwenye jino kwenda kwenye ufizi. Ukikwama kwenye kijishimo kilichochongoka mfano wa herufi V, umelipata jibu. Wanaotumia mkono wa kulia mara nyingi huharibu zaidi upande wa kushoto, kwa sababu huko mkono una nafasi ya kukandamiza.

Watu huuliza kama mswaki wa mti ndio wenye kosa. Hapana, ila una adabu zake. Uloweke kidogo, utafune ncha mpaka nyuzi ziwe laini, uende nao kutoka kwenye ufizi kuelekea kwenye ncha ya jino, na nyuzi zikichakaa ukate ncha mpya. Kuuburura kulia na kushoto kama msumeno, tena nyuzi zikiwa bado kavu, ndiko kunakosukuma ufizi nyuma. Mswaki wa dukani wenye nywele ngumu hufanya uharibifu ule ule. Nunua ulioandikwa kuwa ni laini.

Unga wa mkaa ni hadithi ya kuchekesha ikiwa halijakupata wewe. Unang'arisha kwa kukwangua madoa, na siku za mwanzo meno huonekana meupe kweli. Ukiendelea unakwangua enameli yenyewe, na enameli ikipungua unene, ile dentini ya manjano huanza kuonekana kwa chini. Mtu amenunua weupe akapata umanjano na ganzi juu yake. Ndimu na bikaboneti? Bikaboneti peke yake haina ukali mwingi. Ndimu ndiyo inayoharibu.

Zipo sababu nyingine. Ukoga ukiachwa hukauka ukawa ugaga, fizi huvimba, hutoa damu, kisha hurudi nyuma. Kuna wanaosaga meno usingizini. Kuna kiungulia kinachopandisha asidi ya tumbo hadi mdomoni, na kutapika kwa mimba changa. Hapa kuna imani ya zamani kwamba mtoto tumboni hunyonya kalsiamu kutoka kwenye meno ya mamake. Hanyonyi, meno hayatoi madini yake kumpelekea mtu. Kinachodhuru ni matapishi, na mama mjamzito akishatapika asukutue kwa maji, asikimbilie mswaki.

Maji ya chumvi ya visima vyetu pia husingiziwa. Yana ladha mbaya, na sabuni haitoi povu ukiyatumia, lakini maji yaliyopita kwenye mwamba wa matumbawe ni magumu tu, si machachu. Kwenye kesi hii yaachiliwe.

Hesabu sekunde

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na kupotea kwenyewe ni kwa gharama. Daktari wa meno mzuri, kabla hata ya kukuambia ufungue mdomo, atauliza swali moja.

"Mama, ukinywa maji baridi, uchungu hukaa kiasi gani?"

"Hukaa mpaka nimeze Panadol, daktari."

Jibu hilo linabadilisha kila kitu. Ganzi ya kawaida huja na kuondoka, huhesabiwa kwa sekunde. Uchungu unaoendelea kwa dakika baada ya maji kumezwa, unaodundadunda, unaozidi ukinywa chai ya moto au unaokuamsha usiku bila kuguswa na chochote, unatoka kwenye moyo wa jino uliovimba. Chumba kile kimezungukwa na kuta ngumu. Kikivimba hakina pa kutanukia, na ndiyo sababu maumivu hayo huwa hayavumiliki. Dawa ya meno ya ganzi haitasaidia hapo, hata ukimaliza katoni.

Angalia pia idadi. Ganzi inayotokana na uchachu au mswaki hugusa meno kadhaa. Jino moja tu likilalamika, shuku tundu, ufa, au kizibo cha zamani kilichoachia. Likiuma unapoachia kitu ulichokiuma, ufa unawezekana sana. Na taya au shavu likivimba, homa ikapanda, au ukashindwa kumeza au kupanua mdomo, usingoje kesho: nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani usaha wa jino unaweza kusambaa shingoni na kuziba njia ya hewa.

Kuhusu mdudu: hayumo. Waliomo ni bakteria, wanaokula sukari unayokula wewe na kutoa asidi inayotoboa jino. Wale wanaodai kuwatoa minyoo kwenye jino kwa kufukiza mbegu wanafanya kiinimacho. Antibiotiki za kununua bila cheti nazo haziwezi kuziba mrija wala tundu.

Kuifunga mirija

Enameli iliyokwisha kuondoka hairudi, kwa sababu chembe hai zilizoijenga huisha jino linapoota. Matangazo yanayoahidi kuijenga upya yana ukweli nusu: uso uliolainika unaweza kurudishiwa madini ukakaza, ila kijishimo hakijazwi na tyubu. Kinachowezekana, na kinatosha kwa watu wengi, ni kuziba midomo ya mirija au kuzituliza neva.

Dawa za meno za ganzi zinazouzwa kwenye maduka ya dawa zinafuata mojawapo ya njia hizo mbili. Zenye nitrati ya potasiamu hutuliza neva. Zenye floraidi ya stanasi, arginini au strontiamu huziba mirija. Sensodyne ya kwanza kabisa, iliyotoka mwaka 1961, ilikuwa ya strontiamu. Soma kilichoandikwa mgongoni mwa tyubu, na uhakikishe pia ina floraidi, 1,450 ppm (yaani sehemu kwa kila milioni) au karibu na hapo kwa mtu mzima.

Makosa ya matumizi ni mengi kuliko makosa ya dawa. Mtu hutumia siku tatu, haoni nafuu, anatangaza ni utapeli. Nitrati ya potasiamu huhitaji wiki mbili hadi nne, na kwa wengine zaidi, kwani hujikusanya taratibu. Mwingine anasugua vizuri kisha anasukutua kwa vikombe viwili vya maji, na dawa yote inakwenda na bomba. Tema povu, usisukutue. Usiku, ukishapiga mswaki, chukua kidogo kwa ncha ya kidole upake pale pale penye ganzi, ulale nayo. Ukiacha kabisa baada ya kupona, ganzi hurudi mara nyingi, hasa kama ile chupa ya ukwaju bado iko mezani.

Mafuta ya karafuu? Yanafanya kazi, lakini kazi yenyewe ni kufisha hisia kwa muda, na yakimwagika kwenye ufizi huuchoma. Kama usiku umekuwa mrefu na daktari ni wa kesho, tone moja kwenye pamba halina ubaya. Aspirini ya kubandika kando ya jino, hiyo usifanye kamwe. Hukuachia kidonda cheupe kwenye fizi na jino likiendelea kuuma.

Mwezi mmoja na nusu ukipita bila mabadiliko, nenda ukaonwe. Hospitali Kuu ya Pwani, ile tunayoiita Makadara, ina kitengo cha meno, na kliniki za binafsi zimejaa mjini. Kabla ya kukalia kiti cha mtu usiyemjua, hakikisha ameandikishwa: Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, huweka orodha ya wenye leseni kwenye tovuti yake, na kuitazama ni bure. Akiwa ni mtu wa kibanda asiyeulizwa leseni, atakung'oa jino zima lenye afya kwa sababu ya kijishimo cha shingoni, na kesho jino la pili lenye kijishimo kama kile litaanza.

Ukiwa kitini daktari atakupulizia hewa jino moja moja kwa kibomba chake. Utajua amelipata bila kusema neno, naye atajua. Kisha atatafuta matundu na nyufa, kwa kuwa ganzi hukubaliwa kuwa ganzi baada ya hayo mengine kuondolewa. Akikuta ugaga atausafisha, na kwa siku chache meno yatashtuka zaidi. Hapo watu husema kusafisha kumelegeza meno na kuacha mapengo. Mapengo yalikuwepo, ugaga ndio uliokuwa umeyajaza na kufunika mizizi ambayo ufizi ulishaihama.

Baada ya hapo kuna ngazi. Ya kwanza ni vanishi ya floraidi, inayopakwa kwa kiburashi kwa dakika chache, na nguvu yake ni kubwa mno kulinganisha na dawa ya nyumbani. Isipotosha, mirija hupakwa gundi maalumu inayokaushwa kwa taa. Kijishimo kikiwa kirefu huzibwa kwa kizibo chenye rangi ya jino. Ufizi uliorudi nyuma sana unaweza kushonewa nyama kutoka sehemu nyingine ya mdomo, na msagaji wa usiku hutengenezewa kinga ya kuvaa akilala. Kutoa neva ndani ya jino ni hatua ya mwisho kabisa, na anayekuanzishia nayo kwa ganzi ya sekunde mbili, muulize sababu kwa adabu, ukatafute maoni ya pili.

Siku ya vanishi hakuna kikubwa cha kufanya nyumbani: usile vigumu wala vya moto kwa saa kadhaa, na mswaki mara nyingi huahirishwa hadi kesho yake. Meno yanaweza kuonekana ya manjano kidogo jioni hiyo. Ni rangi ya vanishi, hutoka. Vanishi yenyewe nayo huisha baada ya miezi. Ganzi ikirudi unapakwa tena, na hapo daktari akikuuliza unakunywa nini mchana kutwa, mwambie ukweli.